Bell alivumbua simu, ushindani ukaifikisha shambani

MKULIMA anayepiga simu kuuliza bei ya mahindi sokoni kabla ya kukodi lori anatumia chombo kilichoanza na mwalimu mmoja wa viziwi, Alexander Graham Bell. Jina hilo linafahamika tangu shuleni. Lisilofahamika sana ni kwamba kwa karibu miaka 18 baada ya uvumbuzi wake, simu haikuwa chombo cha mkulima hata huko Marekani ilikoanzia. Ilikuwa ya ofisi na nyumba za wenye uwezo mijini, kwa sababu kampuni moja tu ndiyo iliyokuwa na haki ya kuitengeneza na kuikodisha.

Maisha ya Bell yanafaa kusomwa na wakulima na wafanyabiashara wadogo, si kwa ajili ya uvumbuzi peke yake, bali pia kwa yale yaliyotokea sokoni baada yake. Vita vya biashara vilivyopiganwa kwa jina lake vinafanana sana na vile vinavyoendelea leo kati ya watengenezaji wa simu za kisasa na masoko yao ya programu.

Mtoto wa mwalimu wa matamshi

Bell alizaliwa Machi 3, 1847 katika mji wa Edinburgh, Scotland. Baba yake, Alexander Melville Bell, alikuwa mwalimu wa matamshi aliyebuni alama za maandishi za kuonyesha jinsi ulimi, midomo na koo vinavyokaa mtu anapotoa sauti. Mama yake, Eliza, alikuwa na usikivu hafifu. Hivyo katika nyumba ile, sauti ilikuwa kazi ya baba na tatizo la mama.

Kifua kikuu kiliua ndugu zake wawili, mmoja mwaka 1867 na mwingine mwaka 1870. Wazazi, wakihofia kumpoteza na huyu wa mwisho, walihamia Kanada mwaka huo huo wa 1870 na kununua makazi yenye shamba karibu na Brantford, Ontario. Mwaka uliofuata Bell alikwenda Boston, Marekani, kufundisha viziwi. Mwaka 1873 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Boston.

Mtaji wa utafiti wake haukutoka benki. Ulitoka kwa wazazi wa wanafunzi wake. Mmoja alikuwa Thomas Sanders, mfanyabiashara wa ngozi aliyekuwa na mtoto kiziwi. Wa pili alikuwa Gardiner Hubbard, mwanasheria, ambaye binti yake Mabel alipoteza usikivu akiwa na umri wa miaka mitano kutokana na homa.

Wadhamini hao hawakuwa wanatafuta simu. Walitaka mtambo wa telegrafu, ule wa kupeleka ujumbe kwa alama kupitia waya, ambao ungeweza kubeba ujumbe kadhaa kwa wakati mmoja kwenye waya mmoja. Huko ndiko fedha zilikoonekana. Bell aliendelea na kazi hiyo, lakini akili yake ilikuwa kwenye kusafirisha sauti yenyewe ya binadamu. Alisaidiwa na fundi kijana, Thomas Watson.

Hati iliyofunga soko

Februari 14, 1876 maombi ya Bell yaliwasilishwa katika ofisi ya hataza mjini Washington. Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya peke yake kwa miaka kadhaa. Siku hiyo hiyo mvumbuzi mwingine, Elisha Gray, aliwasilisha taarifa kuhusu mtambo wa aina hiyo. Kabla yao, mwaka 1871, Mwitaliano Antonio Meucci aliyekuwa akiishi New York aliweka taarifa ya mtambo wake katika ofisi hiyo, lakini haikuendelezwa ikaisha muda wake. Ubishi kuhusu nani hasa wa kwanza haujazimika mpaka leo.

Bell alipewa hataza Machi 7, 1876. Siku tatu baadaye, Machi 10, Watson alisikia kupitia waya maneno ya Bell akimwita kutoka chumba kingine. Juni mwaka huo mtambo ulionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Philadelphia, ambako mfalme wa Brazil, Dom Pedro wa Pili, alikuwa miongoni mwa walioushangaa.

Kampuni ya Bell ilianzishwa Julai 1877. Siku chache baadaye Bell alimwoa Mabel Hubbard na kumpa hisa zake karibu zote kama zawadi ya harusi, akajibakizia 10 tu. Kwa mtazamo wa biashara, uamuzi mkubwa zaidi ulikuwa wa baba mkwe wake. Hubbard aliamua simu zisiuzwe, bali zikodishwe. Katika tangazo la mwaka 1877, simu mbili kwa matumizi ya nyumbani zilikodishwa kwa dola 20 kwa mwaka, na kwa matumizi ya biashara dola 40.

Wachumi wanaelewa vizuri faida ya mpango huo. Anayeuza chombo hupata fedha mara moja. Anayekodisha hupata kila mwaka, na zaidi ya hapo huamua chombo kitumike vipi na kiunganishwe na nini. Mteja hakuwa na simu yake. Alikuwa mpangaji.

Jitu la telegrafu laingia

Mpinzani wa kwanza alikuwa mkubwa kuliko kampuni ya Bell yenyewe. Western Union ilikuwa na nyaya za telegrafu nchi nzima, ofisi karibu kila mji na fedha nyingi. Mwishoni mwa mwaka 1877 ilianzisha kampuni yake ya simu, ikitumia michoro ya Gray pamoja na kipaza sauti cha Thomas Edison, ambacho kilisafirisha sauti vizuri kuliko kile cha Bell.

Kwa hiyo aliyekuwa na chombo bora alikuwa Western Union. Aliyekuwa na hati alikuwa Bell. Kampuni ya Bell, ambayo mwaka 1878 ilimwajiri meneja hodari Theodore Vail kutoka idara ya posta za reli, ilifungua kesi. Novemba 1879 pande mbili zikaelewana nje ya hukumu. Western Union ilijitoa katika biashara ya simu na kukabidhi mtandao wake wenye simu zipatazo 56,000. Nayo ikaahidiwa asilimia 20 ya kodi za simu kwa miaka 17.

Wapinzani wengine waliendelea kwenda mahakamani kwa mamia. Mwaka 1888 Mahakama ya Juu ya Marekani iliithibitisha hataza ya Bell, lakini kwa wingi wa kura moja tu. Kura hiyo moja ingekwenda upande mwingine, historia ya biashara ya simu ingekuwa nyingine.

Bell mwenyewe hakuipenda kazi ya mahakama wala ya kuendesha kampuni. Alitoa ushahidi alipohitajika, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 alikuwa amekwisha jiondoa katika shughuli za kila siku za kampuni. Mwaka 1880 Ufaransa ilimpa tuzo ya Volta yenye faranga 50,000, naye akazitumia kuanzisha maabara. Jina lake lilibaki kwenye kampuni, uamuzi ukawa wa wengine.

Waya wa seng'enge

Katika miaka yote hiyo ya ukiritimba, wakulima walisahauliwa. Kuweka nguzo kwa kilomita kadhaa ili kuifikia nyumba moja ya mkulima hakukuwa na faida kama kuunganisha maduka 50 katika mtaa mmoja. Kampuni isiyo na mpinzani haina sababu ya kuhangaika na mteja wa gharama kubwa. Hadi hataza mbili kuu zilipokwisha muda wake, mwaka 1893 na 1894, simu zote za kampuni hiyo nchini Marekani hazikufika 300,000.

Mlango ulipofunguka, mambo yalibadilika haraka. Viwanda vipya vya simu vilijitokeza. Kampuni ndogo zilianzishwa na wenye maduka, madaktari na wakulima katika miji midogo ambayo kampuni ya Bell haikuijali. Kufikia mwaka 1907 Marekani ilikuwa na simu zaidi ya milioni sita, na karibu nusu yake hazikuwa za kampuni ya Bell.

Wakulima wengi hawakusubiri hata kampuni ndogo. Waliunda vyama, kila mmoja akachangia nguzo, waya na nguvu kazi, wakaagiza simu zenyewe kwa posta. Mahali pengine walitumia waya wa seng'enge wa mashamba yao kubeba sauti, wakitenga waya na nguzo kwa vipande vya ngozi au shingo za chupa. Mvua ikinyesha sauti ilipotea, na ng'ombe akivunja uzio mazungumzo yalikatika. Lakini gharama ilikuwa ndogo, na chombo kilikuwa chao.

Laini moja ilihudumia kaya nyingi. Kila kaya ilikuwa na mlio wake, mrefu na mfupi kwa mpangilio, na jirani yeyote aliweza kunyanyua chombo akasikiliza. Siri hazikuwepo. Hata hivyo, mkulima aliweza kuuliza bei kabla ya kufunga farasi kwenye mkokoteni, kumwita daktari, kupata utabiri wa hali ya hewa na kuwaita majirani moto unapozuka. Sensa ya mwaka 1920 ilionyesha kwamba mashamba karibu 39 katika kila 100 yalikuwa na simu, kiwango cha juu kuliko wastani wa kaya zote za nchi hiyo.

Simu mbili juu ya meza moja

Ushindani nao ulikuwa na adha yake. Kampuni ya Bell, ambayo sasa ilikuwa chini ya AT&T, ilikataa kuunganisha laini zake na za wapinzani. Mwenye duka katika mji wenye kampuni mbili alilazimika kulipia simu mbili, la sivyo apoteze nusu ya wateja. Aidha, wapinzani hawakuruhusiwa kutumia laini za masafa marefu za AT&T.

Kulikuwa pia na tatizo la opereta. Wakati huo kila simu ilipitia kwa mtu aliyekaa kituoni na kuunganisha nyaya kwa mkono. Inasimuliwa kwamba Almon Strowger, mzika maiti wa Kansas City, alishuku kwamba opereta alikuwa akiwapeleka wateja wake kwa mpinzani. Iwe kweli au chumvi ya wasimuliaji, Strowger alipata hataza ya mtambo wa kuunganisha simu bila opereta mwaka 1891, na kituo cha kwanza cha aina hiyo kilifunguliwa La Porte, Indiana, mwaka 1892. Kampuni ndogo ziliupokea mtambo huo miaka mingi kabla ya kampuni ya Bell.

Vail, aliyekuwa ameondoka mwaka 1887, alirudi kuiongoza AT&T mwaka 1907 akiungwa mkono na mabenki. Alinunua wapinzani wengi, na hata sehemu ya Western Union. Serikali ilipoanza kumfuatilia, mwaka 1913 kampuni iliahidi kuuza hisa zake za Western Union, kuruhusu kampuni ndogo kuunganishwa na laini za masafa marefu, na kutonunua wapinzani ovyo. Ahadi hiyo ilifungua laini za masafa marefu kwa kampuni ndogo, lakini pia iliiacha AT&T ikiwa kubwa kupita zote.

Vyama vya wakulima navyo vilikuwa na udhaifu wao. Vingi havikutenga fedha za matengenezo. Nyaya zilichakaa, na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulipokuja wengi walishindwa kulipa. Mwaka 1940 mashamba yenye simu yalikuwa yameshuka hadi kama 25 katika kila 100. Ilibidi mwaka 1949 serikali ianze kutoa mikopo ya simu vijijini ili kuyafufua.

Mfugaji wa kondoo

Wakati haya yakitokea, Bell alikuwa na shughuli nyingine kabisa. Kwenye makazi yake ya Beinn Bhreagh karibu na Baddeck, Nova Scotia nchini Kanada, alifuga kondoo. Aliona baadhi ya kondoo majike wana chuchu zaidi ya mbili, akafikiri kwamba akichagua mbegu ya hao atapata kondoo wanaozaa mapacha na kuwanyonyesha vizuri. Kwa miaka mingi aliandika kumbukumbu za kila kondoo. Chuchu ziliongezeka kizazi hadi kizazi, lakini mapacha hawakuongezeka kama alivyotarajia. Mwaka 1904 alichapisha matokeo ya kazi hiyo katika jarida la kisayansi, jambo ambalo wafugaji wengi wasingefanya kwa jaribio lisilokamilisha lengo lake.

Aidha, alikuwa rais wa Chama cha Kijiografia cha Marekani kuanzia mwaka 1898 hadi 1903. Kwa fedha za Mabel, mwaka 1907 aliunda kikundi cha kutengeneza ndege, na ndege yao, Silver Dart, iliruka Baddeck Februari 23, 1909.

Si yote aliyoyafanya yanasifiwa. Bell alipinga matumizi ya lugha ya alama katika shule za viziwi, akitaka wafundishwe kusema kwa midomo, na aliandika dhidi ya viziwi kuoana wao kwa wao. Viziwi wengi hadi leo wanamhesabu kuwa mtu aliyewaumiza, ingawa mama yake na mkewe hawakuwa na usikivu mzuri.

Alifariki dunia Agosti 2, 1922 akiwa na miaka 75, kutokana na kisukari. Alipozikwa, simu za Amerika Kaskazini zilinyamazishwa kwa dakika moja.

Kutoka opereta hadi duka la programu

Swali lililoachwa na biashara aliyoianzisha Bell halikuzikwa naye: mwenye mtandao ana haki ya kuamua nini kiunganishwe kwenye mtandao huo? Kwa miongo kadhaa AT&T ilizuia wateja kuunganisha chombo chochote kisicho chake. Mwaka 1968 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliamua kwamba kifaa cha Thomas Carter wa Texas, kilichounganisha redio ya mawasiliano na simu, kiruhusiwe mradi hakiharibu mtandao. Uamuzi huo ulifungua soko la vifaa vya watengenezaji wengine. Januari 1, 1984 AT&T yenyewe ikagawanywa.

Simu za kisasa zimelirudisha swali hilo kwa sura mpya. Apple ilifungua duka lake la programu Julai 2008 likiwa na programu zipatazo 500, ikichukua asilimia 30 ya mauzo. Google ilifuata Oktoba mwaka huo kwa simu za Android. Nokia na BlackBerry walifungua maduka yao mwaka 2009, lakini walikuwa wamechelewa. Waandishi wa programu huenda penye wateja wengi, na wateja huenda penye programu nyingi. Nokia iliuza biashara yake ya simu kwa Microsoft mwaka 2014, na duka la BlackBerry lilifungwa mwishoni mwa mwaka 2019. Huawei ilipozuiwa na serikali ya Marekani mwaka 2019 kupata huduma za Google kwa simu zake mpya, ilibidi ijijengee soko lake.

Waliobaki wakubwa ni wawili, na kila mmoja ndiye opereta wa mlango wake. Ushindani kati ya watengenezaji wa simu unashusha bei ya chombo, lakini mlangoni mambo ni mengine. Baada ya malalamiko na kesi, mwaka 2021 kampuni zote mbili zilipunguza ada kwa wauzaji wadogo hadi asilimia 15 kwa mapato yasiyozidi dola milioni moja kwa mwaka. Mwaka 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya iliilazimu Apple kuruhusu maduka mengine ya programu kwa wateja wa Ulaya.

Kwetu, adha ya simu mbili mezani tuliifahamu kwa sura ya laini mbili mfukoni. Nchini Tanzania, kutuma fedha moja kwa moja kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulianza mwaka 2014 baada ya baadhi ya kampuni kukubaliana, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Kabla ya hapo, mfanyabiashara aliyetaka kupokea fedha kwa urahisi kutoka kwa wateja wote alilazimika kujiandikisha kila mtandao.

Funzo kwa mkulima na mfanyabiashara

Kwanza, bei ya chombo siyo gharama yote. Mkulima anayejiunga na programu ya kuuza mazao aulize kamisheni ni kiasi gani, nani anaweza kuibadilisha, na je, akihama ataondoka na orodha ya wateja wake? Daftari la namba za wateja, lililoandikwa kwa mkono na kuhifadhiwa nyumbani, bado ni mali ambayo hakuna duka la programu linaloweza kuifunga.

Pili, vyama vya ushirika vinaweza kujenga kile ambacho kampuni kubwa haioni faida kukijenga. Wakulima wa seng'enge walithibitisha hilo. Lakini chama kisichoweka akiba ya matengenezo kinajenga kitu cha muda.

Tatu, ushindani peke yake hautoshi bila milango kuunganishwa. Serikali inayosimamia mawasiliano inapaswa kuliangalia hilo mapema, kabla mwenye mtandao mkubwa hajawameza wengine.

Bell alifungua njia ya sauti kupita kwenye waya. Sauti hiyo ilimfikia mkulima siku haki ya mmoja ilipokwisha muda wake na wengine wakaruhusiwa kuingia sokoni.